Kutamka na kutumia "and" bila kuigeuza "na": mwongozo kwa wanaoanza Kiingereza Mtwara na Lindi

Kila wanafunzi wapya wanapoanza kuja twisheni barazani kwangu, hapa Mtwara mjini, najua swali litakalofika kabla ya juma la kwanza kwisha. Haliwi la neno gumu. Huwa la neno la herufi tatu. "Mwalimu, mbona Wazungu hawasemi 'endi'? Mimi nasikia 'n' tu." Siku mbili baadaye linakuja la pili: "Mwalimu, nimeandika 'I talked and my father', nimekosa. Kwani 'na' si ndiyo 'and'?" Ameniuliza mtoto wa kidato cha kwanza, wameniuliza vijana wanaotafuta kazi kwenye gesi, ameniuliza hata kijana anayetembeza wageni Kilwa Kisiwani ambaye Kiingereza chake kinawazidi wengi. Nimejibu kwa mdomo miaka mingi. Sasa naandika, ili ukija kwangu uje na swali la mbele zaidi.

Nianze na ninachokiamini. Karibu sauti zote za kutamka "and" vizuri unazo tayari, ulizipata kwa mama yako kabla hujaota meno. Kinachokuponza ni mambo mawili: irabu unayoibandika mwishoni, na mazoea ya kuona "na" na "and" kama pacha.

Andaa hivi kwanza

- Daftari na penseli. Usitumie kalamu, maana utafuta sana kwenye hatua ya 5.
- Simu yenye kinasa sauti. Ya kawaida inatosha, haihitaji intaneti.
- Taarifa ya habari ya Kiingereza ya redio, au maongezi yoyote ya Kiingereza ya dakika tano unayoweza kuyarudia.
- Mwenzako mmoja anayejifunza kama wewe. Ukimkosa, kaka au dada mwenye subira.
- Robo saa kila siku kwa majuma mawili. Robo saa ya kila siku inazidi saa tatu za Jumamosi.

Hatua ya 1. Jirekodi kabla hujajua lolote

Rekodi sauti yako ukisoma maneno haya, upesi kama unavyoongea: "fish and chips", "bread and butter", "oil and gas", "you and I". Hifadhi rekodi hiyo, wala usiisikilize leo. Utaihitaji siku ya kumi na nne.

Hatua ya 2. Ng'oa irabu ya mwisho

Karibu kila silabi ya Kiswahili huishia na irabu. Ndiyo maana ulimi wako ukikutana na neno linaloishia na "d" unalihurumia na kulipa "i": "endi", "bredi", "gudi". Tunafanya hivyo kwa maneno tuliyoazima, na kwa Kiswahili ni sawa kabisa. Kwa Kiingereza, "endi" ina silabi mbili, na "and" ina moja tu.

Sema neno "ndani", lakini simama katikati. Ulimi ukishagusa ufizi nyuma ya meno ya juu kwa ajili ya "nd", uache palepale. Usiuachie. Hapo ndipo "and" inapoishia: ulimi juu, pumzi imefungwa, hakuna irabu. Rudia mara ishirini. Ukisikia hata ki-"i" kidogo mwishoni, anza kuhesabu upya.

Hatua ya 3. Umbo zito

"And" ina matamshi mazito na mepesi. Zito ni lile la kamusi. Irabu yake haimo katika Kiswahili: iko kati ya "a" ya "baba" na "e" ya "pweza". Fungua mdomo kama wa "a", halafu sogeza ulimi mbele kama wa "e". Usihangaike sana ikikupotea. Ukikaribia, utaeleweka.

Umbo zito ni la nadra. Linatumika unapolitaja neno lenyewe, unaposita katikati ya sentensi ukitafuta la kusema, au unapotaka kukazia: mhudumu kauliza unataka wali au viazi, nawe unataka vyote viwili. Basi.

Angalizo: kosa kubwa la waliofundishwa kwa kitabu tu ni kutumia umbo zito kila mahali. Usemi unakuwa kama wa mtu anayepiga misumari. Mzungumzaji wa Kiingereza akisikia "and" nzito anadhani unasisitiza jambo, anaanza kutafuta ulichokisisitiza, na maneno yako mengine yanampita.

Hatua ya 4. Umbo jepesi: nchi, Mtwara, ming'oko

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa sisi tuna bahati.

Katika usemi wa kawaida "and" hunyauka. Irabu inafifia, "d" inadondoka, na mara nyingi inabaki "n" peke yake inayosimama kama silabi kamili. Wanafunzi wa mataifa mengi huteseka na jambo hili, maana lugha zao haziruhusu "n" kusimama bila irabu. Wewe je? Sema "nchi". Sema "nne". Sema "nta". Hiyo "n" ya mwanzo ni silabi kamili, haina irabu, na umekuwa ukiitamka tangu utoto. Ndiyo hiyohiyo.

Sasa sema "fish", halafu mara moja "nchi", halafu malizia "ps": fish-nchi-ps. Umeshasema "fish and chips" kama mtu wa London anavyoisema. Mara ya kwanza kuwaonyesha wanafunzi jambo hili baraza zima lililipuka, na mimi mwenyewe nilifurahi kama wao.

Kabla ya "p" na "b", midomo inajiandaa kufunga mapema, na ile "n" inageuka kuwa "m". Ni "m" ipi? Ni ile ya Mtwara. Hatusemi "Mutwara", tunafunga midomo na kuiacha "m" isimame. Basi "bread and butter" inakuwa kama bred-m-bata, na "salt and pepper" kama solt-m-pepa.

Kabla ya "k" na "g", ulimi unarudi nyuma, na "n" inageuka kuwa ng'. Hii ni ng' ya ming'oko, ile mizizi ya porini tunayochemsha, ambayo mgeni akifika huku lazima afundishwe jina lake kwanza. "Oil and gas" katika usemi wa upesi inakaribia oil-ng'-gas. Vijana mnaokwenda kwenye usaili wa kampuni za gesi, fanyeni zoezi hili moja zaidi ya mengine yote, kwa kuwa maneno hayo matatu mtayasikia mara nyingi kuliko jina lenu.

Neno linalofuata likianza na irabu, "d" huweza kurudi na kujiunga nayo: "you and I" husikika kama yu-an-dai, "a" ya katikati ikiwa hafifu sana, karibu haipo.

Fanya hivi kila siku: mwenzako ataje jozi kumi za vitu, wewe uziunganishe kwa umbo jepesi. Korosho na chumvi, samaki na wali, Lindi na Masasi, kwa Kiingereza. Usiandike. Hii ni kazi ya mdomo.

Pumzika hapa: neno limetoka wapi

Historia kidogo tu, ile inayokusaidia kukumbuka. "And" ni neno la asili la Kiingereza, wala halikuazimwa. Lilikuwapo katika Kiingereza cha kale zaidi ya miaka 1,000 iliyopita, likiandikwa "and" au "ond", na "d" yake ikitamkwa. Matamshi yamelegea, tahajia imebaki. Ndugu zake wako katika lugha za jirani: Kiholanzi kina "en", Kijerumani kina "und". Ukibahatika kufika Berlin kuona mifupa ya mijusi wakubwa iliyochimbwa Tendaguru, Lindi, kati ya 1909 na 1913, utaliona hilo "und" kila kona ya mji.

Alama & nayo wanafunzi huniuliza. Haikutokana na "and". Ni herufi za neno la Kilatini "et", lenye maana hiyohiyo, "e" na "t" zikiwa zimeunganishwa kwa mkato mmoja wa kalamu. Kumbuka hiyo "et", tutaihitaji kwenye hatua ya 8. Na katika insha au mtihani usiandike &. Andika neno lote.

Hatua ya 5. Panga "na" zako

Sasa tuingie kwenye matumizi. Nakili aya hii daftarini:

Jana nilikwenda sokoni na dada yangu. Tulinunua pweza na muhogo. Tulikuwa na shilingi elfu kumi. Pweza alikuwa amevuliwa na mjomba. Na mimi nilibeba kapu. Soko liko karibu na bahari.

Zungushia kila "na" kwa penseli. Ziko sita. Sasa niambie, ngapi ni "and"?

Moja tu. Ile ya pweza na muhogo.

Ya dada ni ya kufuatana, Kiingereza husema "with my sister". Ya elfu kumi ni ya kumiliki: "we had". Ya mjomba inamtaja mtenda: "by my uncle". Ya "na mimi" maana yake ni "pia", na Kiingereza hupeleka neno hilo mwishoni: "I carried a basket too". Ya bahari imeshikamana na "karibu", na "near" ya Kiingereza haihitaji chochote nyuma yake: "near the sea". Nimesahihisha "near and the sea" na "near with the sea" mara nyingi mno.

Kipimo chake ni hiki. Chukua vitu vilivyo pande mbili za "na" uvibadilishane nafasi. "Tulinunua muhogo na pweza": maana haijabadilika, kwa hiyo ni "and". "Mjomba alikuwa amevuliwa na pweza": hapana! Hiyo si "and". Kipimo hiki husaidia mara nyingi kwa majina ya vitu na watu, ila si kila mara: "bahari iko karibu na soko" haibadilishi maana, lakini bado si "and".

Kuna mtego mmoja ambao hata waliobobea huanguka. Kwa Kiswahili, "Tulikwenda na Asha" inaweza kuwa watu wawili tu: mimi na Asha. Kiambishi "tu" kimeshamhesabu Asha ndani yake. Kiingereza hakihesabu hivyo. "We went with Asha" inamwambia msikilizaji kwamba mlikuwa angalau wawili, halafu Asha juu yenu. Mkiwa wawili sema "Asha and I went". Angalia pia mpangilio: sisi husema "mimi na Asha", wao kwa adabu hujiweka mwisho. Mitaani utasikia "me and Asha", lakini usiipeleke kwenye mtihani.

Ukiunganisha watu wawili kwa "and", kitenzi kinakuwa cha wingi: "My brother and my sister are in Masasi." Hapa Kiswahili na Kiingereza vinakubaliana, kwa hiyo sina la kuongeza.

Hatua ya 6. Mahali ambapo Kiswahili hakina "na" lakini Kiingereza kinataka "and"

Sisi tunasimulia kwa "ka": akaja, akakaa, akala. Hiyo "ka" imebeba kiunganishi ndani yake. Tazama mwanzo wa Biblia. Kiingereza cha tafsiri ya mwaka 1611 kimesema "And God said", na cha kwetu kimesema "Mungu akasema". Hakuna "na" hata moja, wala haikosekani.

Kwa hiyo ukisimulia kwa Kiingereza, weka vitenzi vyote katika wakati uliopita, tenga kwa koma, na "and" moja kabla ya cha mwisho: "He came, sat down and ate."

Kosa linalotuumbua zaidi linatoka kwenye "alikuja na kukaa". Mwanafunzi anatafsiri neno kwa neno: "He came and to sit." Au anasahau wakati: "He came and sit." Shika hili: kinachotangulia "and" na kinachofuata lazima vivae sare moja. "Came" upande huu, "sat" upande ule. Kama upande mmoja ni jina, na mwingine uwe jina.

Amri nazo ziko hivyo. "Njoo uone" ni "come and see". "Nenda kanunue chumvi" ni "go and buy some salt". Zijifunze kama zilivyo, usitafute "na" yake.

Hatua ya 7. Namba, kilo na saa

Wauza korosho na wauza samaki, hatua hii ni yenu.

Thelathini na tano ni "thirty-five". Hakuna "and". Kati ya makumi na mamoja Kiingereza huweka kistari tu.

Mia moja na ishirini ni "one hundred and twenty". Hapa ipo, baada ya mamia. Elfu tatu mia tano na ishirini: "three thousand five hundred and twenty". Wamarekani wengi huiacha na kusema "one hundred twenty", nawe utawaelewa, lakini shule zetu zinafuata mtindo wa Uingereza, kwa hiyo iweke. Mamia yasipokuwapo, "and" hufuata maelfu: 2,005 ni "two thousand and five".

Kilo mbili na nusu ni "two and a half kilos". Kilo inarukia mwisho. Usisahau hiyo "a" kabla ya "half", na itamke yote kwa wepesi.

Saa nne na robo haina "and" kabisa. Ni "quarter past ten", na hapo una kazi mbili: kuondoa "na", na kuongeza saa sita. Mteja akikuelewa vibaya hapo, boti ya Kilwa Kisiwani inaondoka bila yeye.

Hatua ya 8. Vijitego vya mwisho

Ukikanusha, "and" inakaa pembeni. "Sili nyama wala samaki" ni "I don't eat meat or fish". Ukiweka "and", msikilizaji anaweza kudhani huli vyote viwili kwa pamoja, lakini kimoja kimoja unakula.

Katika orodha, "and" huja mara moja tu, kabla ya kitu cha mwisho. Sisi tunaweza kusema "na wali, na samaki, na maharage" tukinogesha, na inapendeza. Kwa Kiingereza anayeanza asijaribu. Koma kabla ya "and" hiyo ya mwisho wengine huiweka, wengine hawaiweki. Chagua moja uifuate insha nzima.

"And etc." ni kosa. Hiyo "et" ya Kilatini ndiyo "and" yenyewe, kwa hiyo umeisema mara mbili, sawa na mtu anayeandika "na n.k."

Mfano mzuri wa kunakili ni jina rasmi la magofu ya Kilwa katika orodha ya urithi wa dunia tangu 1981: "Ruins of Kilwa Kisiwani and Ruins of Songo Mnara". Pande mbili za "and", sare moja. Mkiwaongoza wageni, litamkeni jina hilo kwa "and" nyepesi.

Ukikwama

*Siisikii "and" kabisa redioni.* Usiisake kama neno. Sikiliza majina mawili yaliyofuatana yakiwa na mvumo mfupi wa puani katikati. Mwenzako akuandikie sentensi kumi za taarifa akiacha pengo penye "and", "in" na "an", nawe ujaze kwa kurudia rekodi. "In" na "an" hunyauka vilevile, na sikio peke yake halitoshi. Soma maana: kilichofuata ni mahali, kitu kimoja, au mwenza wa kilichotangulia?

*Wenzangu wananicheka nikitamka "n" tu.* Wanacheka kwa sababu wamezoea "endi". Tumia umbo lenye irabu hafifu, "an", kwa muda. Ni sahihi, na haishtui masikio.

*Nimekatwa alama kwa kuanza sentensi na "And".* Kisarufi inaruhusiwa, na waandishi wazuri wa Kiingereza wamefanya hivyo karne nyingi. Lakini wasahihishaji wengi hawaipendi, nawe unahitaji alama. Ifiche kwenye mtihani, itumie kwenye barua kwa rafiki.

*Insha yangu imejaa "and".* Hesabu zilizo katika kila sentensi. Ikizidi mbili, weka nukta mahali pa mojawapo uanze sentensi mpya. Mara nyingi hakuna kitakachoharibika. Kama sentensi ya pili inapingana na ya kwanza, ulihitaji "but". Kama inatoa sababu, ulihitaji "because".

*Naandika "end".* Hili linatoka kwenye matamshi ya "endi". "End" ni mwisho. Andika "and" na "end" kwenye ukurasa mmoja, sentensi tano kwa kila moja, kwa mkono.

*Siku ya kumi na nne nimejirekodi tena, na rekodi mbili zinafanana.* Zisikilize neno kwa neno, na sikiliza mwisho wa "and" pekee. Nilizowahi kuletewa, karibu zote zilikuwa na ile "i". Rudi hatua ya 2, sema "ndani" ukikatiza katikati, na safari hii shika kidevu kwa mkono. Kikishuka baada ya "nd", irabu imetoka.